Mchango wa Baridi

Msiba wa tatu ulipoingia Mstari wa Nne ndani ya siku kumi na moja, watu wakaanza kusema kuna mkono wa mtu. Walisema kwa sauti ya chini, kwenye foleni ya maji, huku wakitazama kulia na kushoto kama ilivyo kawaida ya maneno hayo. Naetwe, fundi wa mabawabu, alikuwa kwenye foleni hiyohiyo na ndoo yake. Aliitikia "Mungu atusaidie" pamoja na wenzake, akainamisha uso. Mkono wa mtu ulikuwepo kweli, na ulikuwa wake.

Hebu tuelewane kwanza juu ya mahali penyewe. Mstari wa Nne ulikuwa nyumba sabini na mbili zilizochimbwa ndani ya mlima wa Upare, upande unaotazama mbuga za Mkomazi. Ya kwanza imebanana na ya pili, ya pili na ya tatu, hivyo hivyo hadi mwisho, na mbele yake korido moja ndefu. Nje, saa sita mchana, ilikuwa digrii hamsini na moja, na ndege walishaacha kuruka mchana tangu Naetwe akiwa msichana. Ndani ya nyumba ilikuwa ishirini na tisa mwaka mzima, kwa kazi ya bawabu.

Bawabu mwenyewe si mtu. Ni karatasi nyembamba ya madini iliyobandikwa kwenye kila ukuta unaotenga nyumba na nyumba, yenye vijilango visivyo na idadi, kila kimoja kinatosha molekuli moja tu ya hewa. Naetwe alipowaeleza wanawake wa mstari, aliwaambia wafikirie soko la Same siku ya gulio. Kila mtu yumo mbioni, lakini mbio hazilingani. Anayekimbia akimpiga kikumbo anayetembea, yeye anapungua kasi na mwenzake anaongezeka, na vikumbo vikiendelea kutwa nzima, jioni wote wanakwenda mwendo unaokaribiana. Joto ndilo hilo, kasi inayohama kwa vikumbo kutoka kwa mwenye nyingi kwenda kwa mwenye kidogo, wala haiombi ruhusa. Na kipimajoto hakimsomi mmoja mmoja, kinasoma wastani wa soko zima.

Bawabu anasimama mlangoni akichagua. Anayekimbia anatolewa, anayetembea anabaki, chumba kinapoa. Wanawake walipiga makofi waliposikia hivyo. Mmoja wao, mama mkwe wa Namkunda wa namba 32, mwanamke asiyekubali kitu bila kukigeuza, akauliza hao wakimbiaji wakishatolewa wanakwenda wapi. Naetwe akamjibu kwamba wanakwenda kwa jirani, naye jirani anawasukuma kwa jirani yake, mpaka wafike kwenye mabomba ya mwisho wa mstari na kutoka juu ya mlima. Hakuongeza kwamba bawabu naye, kwa kule kufungua na kufunga, huzalisha joto lake mwenyewe, kwa hiyo ukijumlisha yote, halipungui hata siku moja. Aliona atawatia wasiwasi bure.

Siku za kawaida hakuna aliyehisi kitu. Shida ilikuwa misiba. Mtu aliyekaa kimya tu kwenye mkeka anatoa joto kama balbu kubwa za zamani zile. Weka watu arobaini katika chumba kimoja, ni kama umewasha majiko mawili ya mkaa ukafunga mlango. Mwaka wa kwanza wa mstari waombolezaji walizimia, na mjane mmoja akamfuata mumewe kabla matanga hayajaanuliwa. Ndipo wazee walipoanzisha mchango wa baridi: nyumba ikifiwa, kila nyumba inaitolea digrii mbili kwa siku tatu. Na aliyefiwa hachangishwi mpaka arobaini ipite. Siku hizo zote fundi anamfungia ukuta, joto la watu lisimwingie. Hakuna aliyewahi kukataa. Nani atakataa msiba? Leo kwangu, kesho kwako.

Sasa angalia ilivyokwenda. Namba 29 alikufa Bi Nasero, kwa kifua na uzee, na hapo hapana wa kulaumiwa. Joto la matanga yake liligawanyika, nusu kwa namba 28, nusu kwa 30. Ndani ya 30 alikaa mwalimu Sechonge mwenye presha. Siku ya nne wakamkuta amelala, haamki. Lakini 29 ilishafungiwa ukuta kwa heshima ya arobaini, kwa hiyo joto la matanga ya mwalimu halikuwa na njia ila upande mmoja, likamiminika lote 31, kwa mzee Mrutu. Kwenye ubao wa mjumbe kila nyumba ilisomeka imechangia digrii mbili, sawa kwa sawa. Joto halisomi ubao. Linaingia ukuta wa kwanza linaokutana nao, na likifika nyumba ya hamsini limeshaishia njiani.

Naetwe aliyaona hayo siku mbili kabla mzee Mrutu hajafa. Aliona kipimo cha 31 kimegonga thelathini na nane. Akajiambia ni ubovu wa kipimo, maana vipimo vya mstari ule vilikuwa vibovu kila leo. Akajiambia atakwenda kesho. Kusema ule ukweli, aliogopa. Kuingia kwa watu walio matangani na kuwaambia wapunguze baridi ni sawa na kumwambia mfiwa apunguze kulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii aliyeficha alikuwa mmoja na aliyekufa mwingine.

Na si hilo tu. Siku alipozikwa mzee Mrutu, Naetwe alirudi kutoka makaburini, akaingia kwake namba 33, akafungua kisanduku cha ukutani na bisibisi yake, akaufunga ukuta wake mwenyewe. Hakuwa amefiwa. Ila ndani ya 33 alilala mume wake, Mbonea, dereva wa malori wa zamani, aliyepigwa na kiharusi miaka mitatu nyuma akabaki na upande mmoja wa mwili na maneno kama sita. Naetwe alimtazama akilala na mdomo wazi, akasema moyoni, huyu hapana.

Kati ya 31 na 33 kuna 32.

* * *

Siku ya pili ya matanga ya mzee Mrutu, saa nne asubuhi, Naetwe alibisha hodi namba 32. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini kama mlinzi wa benki. Ndani, Namkunda alikuwa kitandani na mtoto wa siku kumi na moja. Mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe, na mtoto wake hatolewi. Hilo halikuwa na mjadala pale mstarini.

Hewa ya chumba ilimpiga Naetwe usoni. Kipimo kilisoma thelathini na saba na nusu, na kilikuwa kizima. Alijikumbusha haraka yale aliyokuwa akiyajua miaka yote. Mwili wa mtu nao ni chumba. Hewa ikiwa baridi kuliko mwili, molekuli za ngozi huzipa kasi zile za hewa, mtu akapata nafuu. Hewa ikiupita mwili, njia inageuka, kila pumzi na kila kikumbo kwenye ngozi kinaingiza badala ya kutoa. Mtu mzima ana jasho la kujisaidia. Mtoto wa siku kumi na moja hana jasho la maana.

Namkunda alikuwa akitabasamu kwa uchovu. Alimweleza kwamba mtoto amekuwa mpole tangu jana, halii, analala tu, hata ziwa hataki. Alidhani ni neema. Naetwe alimgusa yule mtoto kwenye utosi, kisha kwenye tumbo lililokuwa likiwaka moto.

Alimwomba mama mkwe wamhamishie mtoto nyumba nyingine, hata kwake Naetwe, kwa siku mbili tu. Yule mama akakataa.

"Na maneno yaliyojaa mstari mzima wewe unayasikia," alisema. "Leo wanasema kuna mkono wa mtu, nawe unataka nimpitishe mtoto mchanga kwenye korido aonwe na kila jicho? Nipe sababu, fundi. Nipe sababu moja nitakayomwambia mwanangu akirudi."

Sababu Naetwe alikuwa nayo. Alisema tu kwamba kuna hitilafu kidogo kwenye ukuta, anakwenda kuitengeneza, wasubiri. Kisha akatoka.

Korido ilikuwa digrii arobaini na moja. Alisimama hapo na bisibisi mkononi, akapiga hesabu yake kama mtu anayejua jibu tangu mwanzo na bado anatafuta lingine. Kuufungua ukuta wa 30 ni kulirudisha joto kwa wajane na wazee waliokuwa wakihitimisha msiba wao. Kuizima baridi ya 31 ni kuwachemsha watu arobaini pamoja na mjane, bila kuwaambia kwa nini. Kuwaambia ndiyo dawa. Wakitawanyika, joto linatawanyika, kila mtu na lake nyumbani kwake. Lakini kuwaambia kunahitaji muda, na mtoto hana muda.

Basi akaingia kwake.

Mbonea alikuwa macho. Naetwe alilowesha khanga mbili kwenye ndoo, akamfunika moja kuanzia shingoni hadi miguuni, nyingine akamwekea kichwani. Ni ujanja uleule wa mtungi. Katika maji, zile molekuli zenye kasi kubwa ndizo zinazoruka na kuondoka hewani, zikibeba joto lao, na zinazobaki ni zile za taratibu. Maji yakiwepo, mwili unapoa hata hewa ikiwa kali. Yakikauka, basi. Alikadiria khanga zile zitadumu saa moja, na saa moja ilimtosha. Bawabu wa upande wa 34 alikuwa mzee, akipitisha kidogo kidogo, kwa hiyo kwa saa hiyo nyumba yake ingebeba mzigo wote wa siku mbili. Kumhamisha Mbonea kulihitaji wanaume wanne, na wanaume wote walikuwa matangani.

Hakumwuliza. Alifungua kisanduku, akazungusha skrubu tatu za ukuta wa upande wa 32, akausikia ukifunguka na kuvuma polepole kama nyuki. Alihisi joto la kwanza likimgusa kiganja.

"Nakuja sasa hivi, baba Senzia," alimwambia mumewe.

Mbonea aliinua vidole viwili vya mkono wa kushoto, ishara aliyokuwa akiwapa madereva wenzake wakipishana barabarani.

* * *

Namba 31 ilikuwa ishirini na sita. Baridi tamu, baridi ya asubuhi ya Julai enzi za bibi zetu. Watu walijaa mpaka mlangoni, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na shehe yumo katikati ya dua. Naetwe alivua viatu, akajipenyeza, akamfikia mjumbe Sekiete, akamnong'oneza kwamba ana neno la haraka. Sekiete, mtu wa watu, mpole asiyependa kumkera yeyote, alimwonyesha kwa kiganja akae kwanza. Dua haikatizwi.

Akakaa. Alijilaumu baadaye kwa mengi, lakini kwa hili zaidi: alikaa, kama mtu mwenye adabu zake.

Dua iliisha, ikafuata nyingine ya kuwaombea marehemu wote wa ukoo, kwa majina, na ukoo wa Mrutu haukuwa mdogo. Kisha ikaletwa kahawa. Alipotaka kuinuka, Mama Mrutu, mjane mwenyewe, aliyekuwa amekaa kando yake kwenye mkeka, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, hakina nguvu.

Alimwambia amewaona watu wengi wakija kumpa pole, lakini aliyempoza kweli ni yeye fundi. Alisema mumewe siku za mwisho alilalamika joto, akifikiri ni homa, akawa anaomba kufunguliwa mlango. Laiti angekuwa na baridi hii hata saa moja. Alisema Mungu amweke fundi, ampe maisha marefu, naye na mumewe. Kila Naetwe alipovuta mkono kidogo, mjane aliushika zaidi na kulia upya, na utamvuta vipi mkono mjane anayelia? Akatazama saa ya ukutani. Saa moja ilishapita. Ikapita robo nyingine. Jasho lilimtoka ndani ya baridi ile.

Mwishowe aliinuka na mkono wa mjane ukiwa bado ndani ya wake.

"Nisameheni, jamaa zangu," alisema, na kahawa ikasimama midomoni. "Mzee Mrutu hakuwa na homa. Joto la matanga ya mwalimu ndilo lililomuua, na mimi ndiye niliyelielekeza huko. La mwalimu lilitoka kwa Bi Nasero. Hili la hapa linaingia kwa mtoto wa Namkunda sasa hivi tunavyoongea. Kila tulipolia tumemuua anayefuata. Naomba muondoke, kila mtu akae kwake."

Mtoto wa kiume wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, aliuliza swali moja tu kutoka upande wa wanaume. Aliuliza amelijua hilo tangu lini.

"Tangu mwalimu," Naetwe alijibu. "Niliona kipimo cha baba yako. Nikaogopa kuwaambia."

Mjane akauachia mkono wake. Aliuachia taratibu, akaurudisha wake mapajani, akautazama.

Sekiete alisimama, akatangaza kwa sauti iliyokauka kwamba matanga yameanuliwa. Watu walitoka mmoja mmoja wakitafuta viatu vyao, hawaagani. Wanaume wanne Naetwe aliwaomba wamfuate kwake mbio, nao wakamfuata, maana mtu akiomba kubebewa mgonjwa hanyimwi, awe nani.

* * *

Kipimo cha 33 kilisoma arobaini na mbili.

Khanga ilikuwa imekauka, imekakamaa juu ya kifua cha Mbonea kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Ile ya kichwani ilikuwa imeanguka sakafuni. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umenyooka kuelekea ndoo, na ndoo ilikuwa mbali naye hatua mbili. Mmoja wa wale wanaume alimfumba macho, akasema maneno yanayosemwa.

Naetwe hakulia. Alisimama katikati ya chumba akisikiliza ukuta wa 32. Muda kidogo, mtoto akalia huko ndani, kilio chembamba cha hasira, kilio cha njaa, na sauti ya mama mkwe ikamshukuru Mungu. Hapo ndipo Naetwe alipokaa sakafuni.

Na watu wakaja. Usishangae. Mstari wa Nne haukuwahi kususia msiba, hata wa mchawi ungeendewa. Waliokuwa wametoka kwa Mrutu nusu saa iliyopita bila kumuaga walisimama sasa koridoni na mikeka yao, mjumbe Sekiete mbele na ubao wake kwapani. Kwa mbali alikuwepo Mama Mrutu, amejifunika kichwa, hasogei wala haondoki.

Naetwe aliinuka, akaziba mlango kwa mwili wake.

Sekiete alimpa pole. Kisha akasema watakaa wachache, kumi tu, hata watano. Naetwe akatikisa kichwa. Sekiete akashusha sauti.

"Mama, mtu halii peke yake. Hata kama tuna neno na wewe, hilo ni la siku nyingine."

"Wanne wa kumbeba wabaki. Wengine mkamlilie majumbani mwenu," alisema Naetwe. "Na ubao huo urudishe, mjumbe. Kwangu hakuna mchango."

Sekiete alimwuliza basi angalau ukuta, maana siku arobaini za kufungiwa ukuta ni haki ya kila mfiwa, hata yeye. Naetwe alimjibu kwamba ukuta wake utabaki wazi. Alisema hivyo akiwa amekwishazing'oa zile skrubu tatu na kuzitia mfukoni, ukuta usifungike tena, na mjumbe akauona mfuko ulivyolemea.

Walirudi nyuma polepole. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, na koridoni hakubaki mtu. Wale wanne walikwenda kutafuta sanda na maji ya kuoshea. Naetwe akabaki na Mbonea.

Kilio kilianzia 34. Kikaitikiwa na 36, kisha mbele zaidi, wanawake kila mmoja kwenye chumba chake, hawaonani, wakipokezana kupitia kwenye mawe ya mlima. Ikachukua muda kabla upande wa kushoto haujaitika. Kutoka 32 alianza mama mkwe. Zaidi ya hapo Naetwe hakutegemea kitu. Kisha kutoka 31 ikasikika sauti moja kavu ya mwanamke mzee, ikilia bila maneno. Hakuweza kujua ilikuwa inamlilia nani.

Matanga yakiwa yametawanyika, kipimo cha chumba kilianza kushuka. Arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na tano. Naetwe alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja chake juu ya kifua cha mumewe. Kifua kilikuwa bado cha moto kuliko kiganja. Alijua joto lile linakwenda wapi, kikumbo kwa kikumbo, kutoka kwa mwenye nalo kwenda kwa asiye nalo. Aliuacha mkono pale mpaka vikalingana.